Je, Msafiri Anaweza Kuwa Jirani?

Siku hizi si jambo geni kusikia habari za mtu wa Ulaya au Marekani aliyeuza nyumba yake, akanunua gari, akaweka ndani yake kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, kisha akaondoka kwenda kuishi barabarani katika nchi ambayo hakuzaliwa. Wengine ni vijana, wengine ni wastaafu. Wapo wanaoshuka hadi huku kwetu. Wanavuka mpaka, wanalala kwenye viwanja vya kambi, na baada ya miezi michache wanahamia nchi nyingine kabla visa haijaisha. Wachache huacha gari bara, wakapanda boti pale Nyamisati na kuja Kilindoni kumwona papa potwe. Vijana wetu huwatazama watu hawa kwenye simu zao, na baadhi yao huuliza swali ambalo halifai kujibiwa kwa kejeli: Je, maisha hayo hayako karibu na Injili kuliko ya kwetu, sisi tunaohangaikia tofali na bati mpaka tunazeeka?

Mzee atajibu kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kijana naye atajibu kwamba tembea uone. Methali zote mbili ni zetu, na zote mbili zina kweli ndani yake, kwa hiyo kutupiana methali hakutatufikisha mbali. Maandiko nayo hayatupi njia ya mkato. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unawasifu watu wa imani waliokiri kuwa wao ni wageni na wapitaji juu ya nchi. Lakini nabii Yeremia, katika sura ya 29, anawaandikia watu waliopelekwa uhamishoni Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wautafutie amani mji ule ule wa kigeni. Anayetaka kuhama atapata mstari wake. Anayetaka kukaa atapata wa kwake.

Nadhani swali litakalotusaidia zaidi ni hili: mtu asiyekaa mahali anaweza kuwa jirani wa mtu? Bwana wetu aliposema amri iliyo kuu ya pili ni kumpenda jirani, aliiweka juu ya wote, wenye nyumba na wasio na nyumba. Basi maisha yoyote, ya kukaa au ya kuhama, yapimwe hapo.

Wasafiri wawili wa kitabu cha Mwanzo

Mapema kabisa katika Biblia tunakutana na wasafiri wawili ambao ni tofauti kama usiku na mchana. Wa kwanza ni Kaini (Mwanzo 4). Yeye anakuwa mtoro na mtu wa kutangatanga baada ya kumwaga damu ya ndugu yake na kukataa kuulizwa habari zake. Safari yake inaanzia pale alipokana kuwa mlinzi wa ndugu yake. Anakwenda, lakini hakuna anayemwendea.

Wa pili ni Ibrahimu (Mwanzo 12). Naye anaacha nchi yake, jamaa zake na nyumba ya baba yake, tena akiwa na miaka 75, umri ambao kwetu mtu anaambiwa apumzike kivulini. Lakini yeye anaitwa, na wito wenyewe unabeba watu wengine ndani yake: kupitia kwake jamaa zote za dunia zitabarikiwa. Tangu siku ile analala hemani. Watu wengi huishia hapo wanaposimulia habari zake, wakaona hema tu. Tuangalie alichokifanya kila aliposimamisha hema.

Karibu na Betheli alijenga madhabahu. Kwenye mialoni ya Mamre aliketi mlangoni pa hema saa ya jua kali, akawakimbilia wageni watatu awape maji, mkate na nyama. Yaani mgeni mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyeji. Beer-sheba alichimba kisima, na palipotokea ugomvi juu ya kisima hicho hakuvunja kambi usiku akatoweka. Alikaa na Abimeleki, wakazungumza, wakala kiapo, akatoa kondoo wa kike saba wawe ushahidi. Kisha akapanda mti. Mtu wa hema, ambaye kesho huenda asiwepo, anapanda mti ambao kivuli chake kitawapoza wengine. Na Sara alipofariki, wenyeji walitaka kumpa mahali pa kuzikia bure, lakini yeye alikataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote na kununua pango la Makpela kwa haki. Hakutaka kaburi la mkewe liwe deni kwa watu aliokuwa akiishi kati yao.

Tofauti ya Kaini na Ibrahimu, basi, haiko katika miguu yao. Wote wawili walitembea. Tofauti ni kile kilichobaki nyuma yao walipoondoka.

Dago

Sisi wa Mafia hatuhitaji kwenda Ulaya kuwatafuta watu wanaoishi safarini. Tumekuwa nao siku zote. Ni wavuvi wa dago. Wanatoka Pemba na Unguja, Kilwa na Songosongo, na wengine ni watu wa hapa hapa, kama wa Jibondo, ambao huacha kisiwa chao kwa wiki au miezi kufuata samaki. Upepo ukiwa mzuri wanafika na mashua zao, wanasimamisha vibanda vya makuti na maturubai ufukweni, wanavua, wanakausha dagaa au kuwapeleka samaki sokoni, na msimu ukigeuka wanabomoa na kwenda zao. Pamoja nao huja wachuuzi, na wanawake wanaopika na kuuza chakula. Kwa miezi michache panakuwa na kijiji pale ambapo hapakuwa na kitu. Kisha panabaki majivu na vigingi.

Ni maisha magumu, lakini si maisha ya ovyo. Mgeni wa dago hufika kwanza kwa uongozi wa kijiji kujitambulisha: anatoka wapi, amekuja na nani, atakaa muda gani, atavua kwa chombo na nyavu za aina gani. Analipa ushuru unaotakiwa. Akifiwa, wenyeji wanamzika. Kijiji kikifiwa, naye anaacha nyavu na kwenda mazikoni. Wengine wameoa hapa, na wengine wana marafiki wanaorudi kwao kila mwaka mpaka watoto wa pande zote mbili wanaitana ndugu. Hapo ndipo ile methali yetu inapopata maana yake kamili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisema kwa kicheko, kama onyo kwa mgeni asizidishe siku. Lakini kumpa mtu jembe ni kumheshimu pia. Ni kumwambia kwamba sasa tunakutegemea, na shamba hili litaonyesha kama ulikuwepo.

Bahari hii imewahi kuleta pia wasafiri wa aina nyingine. Wazee wanakumbuka wavuvi wa baruti wa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao wenyeji walisema wengi wao walitoka nje ya kisiwa. Walikuja kwa boti za haraka, wakalipua mwamba, wakakusanya samaki walioelea na kuondoka siku ile ile. Hawakujitambulisha kwa mtu. Hawakulala hata usiku mmoja. Matumbawe yaliyovunjika kwa sekunde moja huchukua miaka mingi sana kurudi, na mengine hayarudi. Kilio cha wanavijiji juu ya baruti kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini.

Mvuvi wa dago na mvuvi wa baruti wote ni wapitaji. Wote wanaondoka. Lakini mmoja ameacha watu wanaomjua kwa jina na watakaomuuliza mwakani mbona amechelewa, na mwingine ameacha jeraha chini ya maji. Ndiyo sura za Ibrahimu na Kaini, zimevaa misuli na kupanda mashua.

Wote watatu walikuwa safarini

Mtu anaweza kupinga hivi: ujirani unahitaji muda, na mpitaji hana muda, basi asijidanganye, yeye ni mgeni tu. Waswahili wana msemo kwamba msafiri kafiri, kwa maana kwamba aliye njiani huwa na visingizio vingi, na ya kwao aliyokuwa akiyatimiza nyumbani hayatimizi tena.

Pingamizi hili ni zito, ila mfano mashuhuri kuliko yote juu ya jirani unalijibu. Katika Luka 10 mwanasheria anauliza jirani yake ni nani, na Bwana anamsimulia habari za barabara, si za mtaa. Mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi alikuwa safarini. Kuhani alikuwa safarini, Mlawi alikuwa safarini, na Msamaria naye alikuwa safarini, tena katika nchi ya watu wasiompenda. Kama kuwa njiani kungekuwa udhuru, basi wote watatu walikuwa nao. Wawili waliutumia.

Tena tuangalie jinsi Msamaria alivyomaliza, maana mara nyingi mahubiri yetu huishia kwenye mafuta na divai. Alimlaza mgonjwa nyumba ya wageni, akamuuguza, na kesho yake aliendelea na safari. Hakuacha shughuli zake akahamia Yeriko. Lakini aliacha dinari mbili kwa mwenye nyumba, na akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi ataifidia atakaporudi. Kwa maneno hayo alijifunga. Alifanya barabara ile iwe na mtu anayemngojea. Ujirani wa msafiri ndio huo: kukubali kusimamishwa, kutoa kilichopo mkononi, na kuacha nyuma ahadi inayomdai mtu kurudi au kutuma.

Na tuseme ukweli wa upande wa pili pia. Mtu anaweza kukaa miaka 30 ndani ya nyumba moja yenye ukuta na geti la chuma asijue jina la mama anayeuza vitumbua mbele ya ukuta huo. Nyumba haimfanyi mtu kuwa jirani, kama vile gari halimfanyi kuwa mhujaji.

Nani analipa?

Kuna jambo jingine ambalo kijana anayetamani maisha ya barabarani lazima alikabili kabla ya kufunga mizigo. Uhuru wa mtu mmoja mara nyingi unalipiwa na mtu mwingine aliyebaki nyumbani. Ni nani atampeleka baba hospitali? Ada ya mdogo wako itatoka wapi? Katika Marko 7 Bwana anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasilazimike kuwasaidia wazazi wao. Waliifanya ibada kuwa ukuta wa kuwakinga na wajibu. Safari nayo inaweza kuwa Korbani ya aina hiyo. Mtu anasema anajitafuta, au hata anasema anamtafuta Mungu, kumbe anamkimbia mama yake.

Yesu mwenyewe alisema Mwana wa Adamu hana pa kulaza kichwa chake (Mathayo 8:20). Hakuna aliyeishi safarini kwa ukamilifu kuliko yeye katika miaka ile ya huduma. Lakini akiwa msalabani, katika saa ya mwisho, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake (Yohana 19:26-27). Asiye na pa kulaza kichwa alihakikisha mama yake ana pa kulala. Anayetaka kumfuata katika kutokuwa na makao, amfuate na hapo.

Tena si kila anayeishi safarini amechagua. Huko Marekani kwenyewe, baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, wapo wazee waliopoteza nyumba zao wakaingia kuishi ndani ya magari, wakifuata vibarua vya msimu kwenye mashamba na maghala. Madereva wetu wa malori hulala kwenye viti vyao Tunduma wakingoja foleni ya mpakani, na hakuna anayewapiga picha wakaitwa mashujaa wa uhuru. Na wale wavuvi wa Pemba hawakuishia Mafia. Wengine walifuata samaki mpaka pwani ya Kenya, tangu zama za ukoloni na baadaye, wakakaa, wakazaa watoto na wajukuu. Kwa miongo mingi watoto hao hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti benki, kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, wala kusafiri bila hofu ya kukamatwa. Mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto iliwatambua Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za Kenya na kuanza kuwapa vitambulisho.

Weka habari hizo mbili kando kando. Yupo anayezunguka nchi kumi kwa furaha kwa sababu pasi yake inafungua kila mlango, na akichoka ana kwao pa kurudi. Yupo aliyezaliwa mahali, akavua hapo maisha yake yote, na bado akaitwa mgeni. Mkristo hawezi kusifia uhuru wa wa kwanza akanyamaza juu ya wa pili. Torati inarudia mara nyingi kwamba Israeli wampende mgeni kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Anayeonja utamu wa kupokelewa ugenini amepewa deni: awe mlango kwa mgeni asiye na pasi nzuri.

Sisi wa barua ya uhamisho

Huenda baadhi yetu tunasoma haya tukidhani hayatuhusu, kwa kuwa hatuna gari la kulala wala mashua ya dago. Tujiangalie tulivyo. Waumini wengi wa makanisa ya kisiwa hiki ni watu wa bara: walimu, wauguzi, askari, watumishi wa halmashauri. Tulivuka maji na barua ya kupangiwa kituo au ya uhamisho, na wengine walilia siku waliyoipokea. Wapo kati yetu wanaoishi hapa mwaka wa sita na masanduku hayajafunguliwa yote. Mazungumzo yao ni uhamisho, maombi yao ni uhamisho. Mwembe hawapandi, maana nani atakula embe zake? Mazikoni kwa jirani Mwislamu hawaendi, maana hapa si kwao. Hawajaondoka Mafia, lakini hawajawahi pia kufika.

Kutamani kuwa karibu na mzazi mgonjwa au mwenzi wa ndoa si dhambi, na kuomba uhamisho ni haki ya mtumishi. Lakini kumbuka kwamba wale wa Babeli aliowaandikia Yeremia hawakuuchagua mji ule. Walipelekwa. Na bado waliambiwa amani yao imo ndani ya amani ya mji huo. Mwalimu anayefundisha kana kwamba watoto wa hapa ni watoto wa kituo tu, anawapita barabarani kama Mlawi. Muuguzi anayejua jina la mjamzito na njia ya kwao ameshasimamisha madhabahu, hata kama mwakani atahamishiwa Rukwa.

Jambo moja la bahari yetu linanifurahisha. Kwa muda mrefu watu walidhani papa potwe ni mpitaji tu hapa, anayeonekana mbele ya Kilindoni msimu wa kaskazi na kisha kwenda mbali. Watafiti walipowafunga baadhi yao vifaa vya kutoa ishara, matokeo waliyochapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba wengi wao hawaendi mbali. Huwa wako hapa hapa mwaka mzima, kwenye maji yenye kina zaidi ambako macho hayawafikii. Tunaodhaniwa kuwa wapitaji tunaweza kuwa wakaaji kweli kweli, mahali ambapo barua za ofisi hazisomi.

Basi kwa kijana anayeota gari na barabara ndefu ya nchi za watu, kanisa lisimwambie kwamba kuondoka ni uasi, wala lisimsifu kana kwamba kuondoka ni utakatifu. Limuulize maswali matatu, na sisi tunaobaki tujiulize hayo hayo. Mahali unaposimama, kuna mtu anayeweza kukuamsha usiku kwa shida yake? Ukiondoka, utaacha kisima au mwamba uliovunjika? Na nyumbani, ni nani analipa gharama ya uhuru wako, na je, alikubali?

Anayeweza kuyajibu mbele za Mungu na aende kwa amani, apande mti kila atakapolala, na aache dinari mbili kila nyumba atakayopita. Asiyeweza bado, na afungue kwanza masanduku yake pale alipo. Jirani yake ameshamwona akipita mara nyingi, na bado anamngoja ageuke amsalimie.